Baba Yangu Anavua Kambale: Kisa cha Neno Jipya la Kiingereza Lililofika Bahi

Binti alinyoosha mkono mwezeshaji alipomaliza kusoma aya ya pili ya ukurasa wa 11. Alikuwa amekaa dawati la tatu kutoka mlangoni, sweta la shule amelifunga kiunoni kwa sababu ya joto. Aliposimama hakuuliza swali. Alisema, "Mwalimu, baba yangu anavua kambale."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akakaa, akafunika kijitabu kwa kiganja, na hadi kipindi kinaisha hakukifungua tena.

Aya yenyewe ilisomeka hivi: "Jihadhari na uvuvi wa kambale mtandaoni. Mvuvi wa kambale ni mtu hatari. Anaweza kuonekana mwema na kukupa zawadi, kumbe anakuwinda. Ukimgundua mvuvi wa kambale, mwambie mtu mzima unayemwamini."

Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa na nakala yangu na kalamu nyekundu. Mimi ndiye niliyehariri tafsiri ile. Aya ilipita mikononi mwangu, nikaipigia alama ya vema.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu hakikutokana na uvivu. Mtafsiri alifanya kazi kwa bidii, kamusi ilisema kweli, mhariri alisoma kila mstari, na bado mtoto akasomewa mbele ya wenzake kwamba baba yake ni mtu wa kuogopwa. Lililotuponza ni neno jipya la Kiingereza, na namna sisi tunaotafsiri tunavyolipokea neno la aina hiyo. Tunalifungua kuona limeundwa kwa vipande gani. Kazi inayofanywa na neno zima tunaisahau.

Kijitabu kilikuwa cha kurasa 32, kimeandikwa kwa Kiingereza nje ya nchi, kinahusu usalama wa wasichana mtandaoni. Shirika lililoleta kazi lilitaka Kiswahili ambacho msichana wa kidato cha pili angekisoma mwenyewe, kisha ampelekee mama yake nyumbani. Wazo zuri. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, lakini nyumbani mambo yanazungumzwa kwa Kiswahili na Kigogo, na hatari ya simu haimsubiri mzazi ajifunze Kiingereza kwanza. Mtafsiri alikuwa kijana aliyesomea isimu, mchapakazi, Kiswahili chake kizuri. Alipewa siku tano. Mimi nilipewa mbili. Tukakubaliana kwamba kabla ya kuchapa tutoe fotokopi 40 tukazisome na wanafunzi wenyewe. Stesheneri moja jirani na Nyerere Square, Dodoma mjini, ikatutolea usiku, asubuhi tukapanda Noah kuelekea magharibi, kama kilomita 60, hadi Bahi.

Kwa asiyepajua, Bahi ni mahali pa mpunga na samaki ndani ya mkoa ambao wengi wanaujua kwa vumbi na zabibu. Kuna kinamasi kikubwa. Mvua ikiwa njema maji yanatanda, watu wanavua perege na kambale. Kiangazi kikikolea maji yanarudi nyuma mpaka tope linapasuka vipande. Kambale ndiye anayevumilia kuliko wenzake, maana ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, anakaa kwenye tope siku ambazo samaki wengine wameshakufa. Wanaomvua wanamjua tabia. Wanambanika, wanampeleka mnadani, daftari na sare za shule zinanunuliwa. Kati ya wilaya zote za Dodoma ambako tungeweza kwenda kusema kwamba mvuvi wa kambale ni mhalifu, tulianzia hapo.

Kwenye maandishi ya asili neno lilikuwa "catfishing", yaani kumlaghai mtu mtandaoni kwa kujifanya mtu mwingine. Mtafsiri alikuwa na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mezani, ile ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996. "Catfish" ni kambale. Sahihi kabisa. Akaongeza ile "-ing" ya mwisho, akapata uvuvi. Alijaribu pia programu ya kutafsiri kwenye simu, ikamjibu vilevile, na mashahidi wawili waliokubaliana wakamtosha. Mwaka 1996 neno hilo halikuwa na maana anayoitafuta. Kamusi ilijibu swali ambalo hakuliuliza, na jibu lilikuwa zuri kiasi kwamba hakuona sababu ya kuendelea kutafuta.

Kosa langu mimi lilikuwa la namna nyingine, na ndilo lililoniuma zaidi. Nilijua maana. Nilikuwa nimelisoma neno hilo mara nyingi kwenye magazeti ya Kiingereza. Nilipofika ukurasa wa 11, macho yalisoma Kiswahili, akili ikasikia Kiingereza, na kila kitu kikaonekana kimekaa sawa. Nakumbuka kwenye ukurasa huohuo nilirekebisha upatanisho wa ngeli mahali pawili. Nilikuwa nakagua kama sentensi inasimama. Sikukagua inamwambia nini mtu ambaye Kiingereza chake hakipo nyuma ya karatasi kumsaidia.

Hebu tulifuate neno lenyewe lilikotoka, maana safari yake ndiyo inayoonyesha kwa nini lisingeweza kutafsiriwa kwa njia ile.

Mwaka 2010 ilitoka Marekani filamu ya maisha halisi iitwayo Catfish. Inamhusu kijana wa New York, Nev Schulman, aliyeanza kuwasiliana kwa mtandao na familia moja ya jimbo la Michigan. Ilianza na mtoto wa miaka minane aliyesemekana kuwa mchoraji hodari. Ikaendelea kwa dada wa mtoto huyo, msichana mrembo, na kijana akampenda. Walipofunga safari kwenda kuwaona, wakakuta kwamba yule dada wa kwenye simu hakuwepo. Aliyekuwa akiandika ni mama wa makamo, mwenye mume na watoto, aliyetumia picha za mtu mwingine na kufungua akaunti nyingi zinazojibizana zenyewe kwa zenyewe. Karibu na mwisho, mume wa mama huyo anasimulia hadithi ya samaki: kwamba zamani chewa walisafirishwa wakiwa hai kutoka Alaska kwenda China, wakawa wanafika nyama imelegea, hadi watu walipoweka kambale ndani ya matangi ili wawakimbize njiani. Anasema kuna watu ambao kazi yao maishani ni hiyo, kutuweka macho.

Tazama vizuri hadithi hiyo. Ndani yake kambale hadanganyi mtu. Hajavaa sura ya samaki mwingine. Ni mchokozi tu, tena mwenye faida. Maana ya ulaghai haikutoka kwa samaki. Ilitoka kwa filamu nzima, na filamu ikalibandika jina lake. Mwaka 2012 kikaanza kipindi cha televisheni cha jina hilohilo, kikaonyesha wiki hadi wiki watu waliopenda picha zisizo za wenyewe. Januari 2013 ikafumuka habari ya mchezaji wa kandanda ya Kimarekani wa chuo kikuu cha Notre Dame, Manti Te'o, ambaye mpenzi wake, aliyesemekana amefariki, aligundulika kuwa hajawahi kuwepo, na neno likaingia kinywani mwa kila mtangazaji. Mwaka 2014 kamusi ya Merriam-Webster ikaliingiza kwa maana hiyo mpya. Miaka minne tu, na Mmarekani anayelitumia leo hamfikirii samaki hata kidogo.

Kwa hiyo mtafsiri wetu alikichukua kile kipande cha neno ambacho hata huko lilikozaliwa kimeshakufa. Alitafsiri ganda.

Na hili si la neno moja. Ukiyatazama maneno mapya ya Kiingereza utaona kwamba mengi si mapya kwa sura. Ni maneno makuukuu yaliyopata ajira mpya. Oxford walipotangaza neno la mwaka 2024 walichagua "brain rot", wakimaanisha akili kuchakaa kwa kutazama vitu vya kipuuzi mtandaoni, lakini matumizi ya kwanza yanayojulikana ni ya mwaka 1854. "Selfie", neno lao la mwaka 2013, lilikuwa limeshaandikwa Australia mwaka 2002. Mengine yanabadilishwa tahajia kidogo tu: "phishing", wizi wa taarifa kwa ujumbe wa uongo, ni kuvua samaki kulikoandikwa kwa herufi za wahuni wa simu wa zamani, waliopenda kuweka "ph" mahali pa "f". Mengine ni maneno mawili yaliyokatwa na kuungwa, kama "brunch", kifungua kinywa na chakula cha mchana kwa pamoja, ambalo lina zaidi ya miaka 120, au "Brexit" la mwaka 2012. Sisi nasi tunayo ya namna hiyo, chajio na chamcha, ingawa hapa Dodoma sijamsikia mama ntilie akiyatumia.

Kiingereza hakina baraza la kukaa na kusema neno hili lipite, lile lisipite. Watunga kamusi wao wanasubiri. Wanatafuta maandishi ya watu wengi tofauti, kwa muda wa kutosha, yenye maana iliyotulia, ndipo wanaandika. Ndiyo maana kamusi iliyochapwa inachelewa nyuma ya neno jipya kila mara, na ya lugha mbili inachelewa zaidi, kwa kuwa inamsubiri mwenzake kwanza.

Kuna kisa cha kamusi ambacho nilimsimulia mtafsiri tukiwa kwenye gari la kurudi mjini. Mwaka 1934 ilitoka Marekani kamusi kubwa ya Webster, toleo la pili, na ndani yake kulikuwa na neno "dord", likielezwa kuwa ni msongamano wa kitu katika fizikia. Hakuna mtu aliyewahi kulitamka. Mhariri wa kemia alikuwa ameandika kikaratasi mwaka 1931 kusema kwamba herufi D, kubwa au ndogo, inaweza kuwa kifupisho cha "density", neno lao la msongamano. Mtu mwingine akaisoma "D or d" kama neno moja. Likapewa matamshi, likachapwa, likakaa hadi mwaka 1939 mhariri mmoja aliposhangaa kuona neno lisilo na asili. Miaka mitano, kati ya wataalamu watupu. "Uvuvi wa kambale mtandaoni" ungekuwa dord yetu, nikamwambia. Tungechapa, shirika jingine lingenakili kutoka kwetu, baada ya miaka miwili mtu angesema ndiyo istilahi rasmi kwa kuwa imeandikwa mahali pawili.

Ila dord haikumuumiza mtu. Yetu ilimuumiza.

Baada ya kipindi tulimfuata yule binti kwenye kivuli cha mwarobaini, mimi na mwezeshaji. Nikamwambia, "Binti yangu, sisi ndio tuliokosea. Baba yako hana kosa lolote, na maneno yale tunayafuta." Akatutazama muda. Kisha akasema neno ambalo nililiandika pale pale nyuma ya nakala yangu: "Kambale hajifichi. Unamwona na ndevu zake."

Huo ni uchambuzi wa istilahi ambao mimi sikuufanya kwa siku mbili nzima. Katika Kiswahili chetu kambale tayari ana kazi. Tunasema nyumba ya kambale, baba ana ndevu, mama ana ndevu na mtoto ana ndevu, yaani nyumba isiyo na mkubwa wala mdogo, kila mtu ana sauti. Hiyo ndiyo picha ambayo msomaji wetu anayo kichwani neno hilo likitajwa: ndevu zinazoonekana waziwazi. Tukataka kumtwisha kambale huyohuyo maana ya mtu anayeficha sura. Hata kama Bahi pasingekuwa na mvuvi hata mmoja, neno lingekataa.

Kengele ya mapumziko ikalia, tukaomba wasichana wanane waliotaka kubaki wabaki. Tukaacha kijitabu kwenye meza. Mwezeshaji akauliza tu: mtu akikutumia picha ya kijana mzuri, akakutongoza miezi mitatu, kumbe ni mzee wa miaka 50, nyinyi mnasemaje?

Majibu yalikuja kwa fujo. Akaunti feki. Umepigwa. Umeingizwa mjini. Mmoja akasema kauziwa mbuzi kwenye gunia, na wote wakakubali kwa kicheko, maana Msalato na minada mingine iko hukuhuku na mbuzi wanawajua. Niliupenda msemo huo nikataka kuuandika palepale. Msichana mrefu aliyekaa dirishani akaukataa. Mbuzi kwenye gunia, akasema, ni habari ya aliyenunua bila kukagua, inamlaumu mnunuzi. "Hapa mwenye kosa ni yule aliyevaa picha ya mtu."

Aliyevaa picha ya mtu. Mwingine akadakia, picha ya kuazima, kama nguo ya kuazima. Na methali sote tunaijua, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Wasichana waliimalizia kwa kuminya midomo kwa sababu mwalimu wao alikuwa mlangoni.

Tulipotoka pale tulikuwa na "ulaghai wa picha ya kuazima". Ni maneno matano mahali pa neno moja, na mtafsiri alilalamika kidogo kuhusu urefu. Mimi sioni tatizo. UKIMWI nao ni maneno mengi yaliyofupishwa, upungufu wa kinga mwilini. Maneno hayo yanaeleza ugonjwa ulivyo, ndiyo maana bibi yangu aliyaelewa bila kufundishwa. UVIKO-19 umepita njia hiyohiyo: Shirika la Afya Duniani lilitangaza jina lake la Kiingereza tarehe 11 Februari 2020, na la kwetu likajengwa juu ya ugonjwa wa virusi vya korona. Lipo pia neno kishikwambi, ambalo lilipoanza kutajwa wengi tulilionea shaka, hadi Sensa ya mwaka 2022 ilipoweka kitu chenyewe mikononi mwa makarani, na baadaye kwa walimu. Leo mwalimu wa Bahi analitamka bila kufikiri. Lilifika pamoja na kitu chake.

Sasa nije kwenye neno ambalo halikumchekesha mtu darasani, na ambalo kwa maoni yangu lingeleta madhara makubwa kuliko kambale. Liko ukurasa wa 19.

Kiingereza kilisema "sextortion", ngono na unyang'anyi wa vitisho vilivyounganishwa kuwa neno moja. Mtafsiri aliandika "rushwa ya ngono". Hapa sikuona kosa lolote, na hata leo nikisoma haraka naweza nisilione. Rushwa ya ngono ni istilahi yetu halali. Imo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanaitumia, vyuo vinaitumia, mabango yako ukutani. Na Kiingereza chenyewe kinalitumia neno hilo kwa maana hii: chama cha kimataifa cha majaji wanawake kimelieneza kwa kumaanisha mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au alama.

Lakini kijitabu hakikuwa kinasema hivyo. Kilikuwa kinasema habari ya mtu, huenda asiyejulikana, mwenye picha ya utupu ya msichana, anayemwambia: nitumie nyingine, au nitumie hela, la sivyo hii naisambaza. Neno moja la Kiingereza, lenye umri mdogo, tayari lina maana mbili zinazokwenda kwenye milango miwili tofauti.

Aliyeliona ni mwalimu wa malezi, mama mtulivu aliyekuwa amesoma nakala nzima usiku wa kuamkia siku ile, kwa tochi ya simu kwa kuwa umeme ulikatika. Alinivuta pembeni. "Ndugu mhariri," akasema, "mtoto wangu akitishiwa na picha, akasoma hapa kwamba hiyo ni rushwa ya ngono, atakwenda wapi?" Nikajibu kwamba atakwenda TAKUKURU. "Na huko watamwambia nini?" Nikanyamaza. Watamsikiliza, naamini, na watamwelekeza polisi. Lakini msichana wa miaka 15 ambaye imemchukua wiki mbili kujikaza aseme na mtu mzima hapaswi kufika mlango wa kwanza akaambiwa si hapa. Huenda asiende kwenye wa pili.

Tukafuta. Tukaandika "kutishiwa kwa picha za utupu", na chini yake sentensi tatu fupi: usimtumie picha nyingine wala hela, usifute ujumbe wake, ni ushahidi, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi au piga simu namba 116. Mwalimu wa malezi akaomba tuongeze ya nne, "Hutafokewa". Mtafsiri akasema hiyo haipo kwenye maandishi ya asili. Mama yule akamjibu, "Mwanangu, aliyeandika hajawahi kukaa kwenye ofisi yangu." Tukaiweka.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. "Ghosting", mtu kukata mawasiliano ghafla bila neno, mtafsiri alikuwa ameliita "kugeuka mzimu", na kwa Wagogo mizimu ni wazee waliotangulia, si vijana wasiojibu ujumbe. Wasichana wakasema "kukaushiwa", kwa pamoja, kama waliopangana. "Doxing", kutoa hadharani anwani na siri za mtu, wakasema "kuanikwa". Maneno yote mawili yalikuwa yakitumika shuleni hapo kabla kijitabu hakijaandikwa.

Najua kuna wanaopinga njia hii. Rafiki yangu mmoja anayefundisha chuo hapa Dodoma aliniambia kwamba tukiwafuata wanafunzi wa kidato cha pili kila tunapohitaji istilahi tutaishia kuwa na maneno ya mtaani yatakayokufa mwakani, na kwamba BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, iliundwa mwaka 1967 kwa sheria ya Bunge kwa sababu nchi ilihitaji utaratibu. Hoja yake ina uzito. "Kukaushiwa" huenda kweli kukafa, na mkataba wa serikali hauwezi kuandikwa kwa lugha ya mapumziko ya saa nne. Lakini baraza haliwezi kusanifisha neno ambalo halijaletwa mbele yake, na mtu wa kwanza kukutana na neno jipya la Kiingereza hapa nchini mara nyingi ni mtafsiri aliyepewa siku tano. Anachokiandika usiku ule ndicho kitakachofika kwa mtoto kabla ya kikao chochote. Nikamwuliza rafiki yangu angeandika nini yeye pale ukurasa wa 11, kesho asubuhi, akiwa na kamusi ya 1996 tu. Akasema angeliacha neno la Kiingereza na kulieleza. Hiyo nayo ni njia halali, na kwenye toleo la walimu ndivyo tulivyofanya: "catfishing" limetajwa mara moja kwa sura yake, bila kuguswa, ili mwalimu akilikuta kwingine alitambue. Sisi wenyewe tunajua inavyokuwa neno likivuka mpaka. Safari yetu, ambayo kwetu hata ya kutoka stendi ya Nane Nane kwenda Kondoa kwa basi ni safari, kwa Kiingereza imekuwa ya kutazama simba. Hawakutuuliza, na hawakukosea, walichukua walichokihitaji.

Wiki mbili baadaye tulisoma nakala mpya Chamwino, kisha Kongwa. Hakuna aliyeuliza maana ya picha ya kuazima. Chamwino walishaifupisha kabla hatujaondoka: walikuwa wanasema "kaazima sura". Bahi tulirudi pia, kumpelekea yule binti nakala yake iliyosahihishwa kabla ya nyingine zote. Alifungua ukurasa wa 11, akasoma kwa kidole hadi chini, akauliza kama anaweza kuichukua nyumbani.

Siku hiyohiyo mwalimu wa malezi alinipa swali ambalo hadi sasa halijapata jibu. Kuna picha siku hizi, akasema, zinazotengenezwa na kompyuta, sura ya mtu ambaye hajazaliwa. Hiyo mlaghai hajaiazima kwa mtu. Haina mwenyewe. Mwanafunzi akikutana nayo atasema kijitabu kimesema picha ya kuazima, nami nimetafuta kila mahali sikumpata mwenye picha, basi kijana huyu ni wa kweli. Tulikaa naye hadi jua linazama tukijaribu: sura ya kutungwa, sura ya kufinyanga, sura isiyo na mtu. Wasichana walikuwa wamekwenda kuchota maji, hatukuwa na wa kumwuliza. Tumeacha mistari miwili mitupu chini ya ukurasa wa 11, na kwenye nakala yangu pameandikwa kwa penseli tarehe ya kurudi Bahi.